Kitabu Cheusi na Watoto Wanyamavu

Kadiri unavyoshuka kutoka Bomet mjini kwenda Chebunyo, majani chai yanapungua njiani mpaka yanaisha kabisa. Kule juu, upande wa Konoin na Kericho, ardhi ni kijani mwaka mzima. Huku chini Chepalungu ni mahindi, ng'ombe, vumbi la Januari, na mitungi iliyopangwa foleni mvua ikikataa kuja. Watu wa juu na wa chini hutaniana sana kuhusu nani ana pesa na nani ana maziwa. Lakini muulize yeyote aliyesoma huku, awe wa majani chai au wa ng'ombe, atakuambia shule yake ilikuwa na kitabu cheusi.

Si lazima kiwe cheusi. Mara nyingi ni daftari kubwa la jalada gumu linalokaa ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu. Ndani yake wanaandikwa waliopiga kelele, waliochelewa, waliotoroka kupitia ua, waliokosa kumaliza kazi, waliomjibu mwalimu. Jina, tarehe, kosa, viboko vingapi. Ukiandikwa mara kadhaa unaitiwa mzazi.

Sasa nikuulize wewe uliyesoma: je, uliwahi kuona jina la mtoto limeandikwa humo kwa sababu aliacha kula? Au kwa sababu hajacheka tangu muhula uanze? Mtoto wa namna hiyo haandikwi. Huyo ndiye anayesifiwa kwenye mkutano wa wazazi: ni mpole, ana nidhamu, hana shida na mtu.

Ninachotaka kusema ni kimoja, na nitakipitisha kwenye historia yetu ya miaka mia moja hivi. Shule zetu, hospitali zetu na serikali zetu zimezoea kumhesabu mtu anayesumbua. Anayeumia kimya hahesabiwi. Kwa mtoto ni hivyo, na kwa mwalimu wake pia ni hivyo hivyo.

Kabla ya kengele

Shule ilipokuja huku haikukuta watu wasio na elimu. Wakipsigis walikuwa na mahali pa kufundishia vijana, nako ni menjo, kibanda cha wavulana waliotahiriwa. Walikaa humo wametengwa kwa miezi mingi, wakifundishwa na walimu wao, yaani motirenik. Mambo ya menjo hayaandikwi magazetini na mimi siyaandiki. Nitasema tu yale ambayo kila mtu anayajua.

Jambo la kwanza, kulikuwa na maumivu. Tusijidanganye kwamba zamani kila kitu kilikuwa asali. Kuna mvulana aliyeaibishwa huko, na aibu hiyo ikamfuata hadi uzeeni. Wasichana nao walikuwa na tohara yao, jambo ambalo sheria ya mwaka 2011 ililipiga marufuku nchini, na mimi nasema ilichelewa.

Jambo la pili ndilo linalonihusu hapa. Maumivu yale yalikuwa na mwisho unaojulikana, na yalikuwa na shahidi. Kijana aliingia na wenzake, akatoka na wenzake, na hao wakawa ndugu zake wa rika mpaka kaburini. Mwalimu wake hakuwa mgeni aliyehamishwa juzi kutoka mbali. Alijua baba yake ni nani na nyumbani kumelala nini. Hakukuwa na namba ya wa kwanza wala wa mwisho. Ukitoka, umetoka. Hakuna aliyeambiwa arudie menjo kwa sababu alikosa alama mbili.

Leo menjo imebanwa kwenye likizo ya Desemba ili mtoto awahi kufungua shule Januari. Kalenda ya shule imeimeza kalenda ya rika. Si kulalamika, ndivyo mambo yalivyokwenda. Lakini tulipoibadilisha ile ya kwanza kwa hii ya pili, tulichukua ugumu tukaacha shahidi.

Daktari aliyehesabu waliosumbua

Shule ya serikali ilianzishwa Kabianga mwaka 1925, mahali ambapo leo pana chuo kikuu. Wakati huo huo mashamba makubwa ya chai yalikuwa yakipandwa Kericho. Katika miaka ya 1930 watoto walikuwa wakiajiriwa kwenye mashamba hayo, hadi kasisi wa Kianglikana wa Nyanza, Archdeacon Owen, akapiga kelele kuhusu ajira hiyo ya watoto mpaka Uingereza ikasikia. Kwa hiyo mtoto wa huku alikuwa na milango miwili, wa kikapu cha chai na wa darasa. Darasa lilionekana ndiyo wokovu, na kwa wengi lilikuwa hivyo kweli.

Lakini tazama wataalamu wa wakoloni walivyokuwa wakisema juu ya akili ya huyu mtoto. Nairobi kulikuwa na hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia waliochukuliwa kuwa wendawazimu. Daktari H. L. Gordon, aliyehudumu hapo miaka ya 1930, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kuliko wa Mzungu. Aliogopa pia kwamba elimu ya Kizungu inaweza kuuharibu. Yaani kwake, kijana wa Kabianga akichanganyikiwa, dawa ni kumpunguzia vitabu.

Baada yake akaja J. C. Carothers, aliyekabidhiwa Mathari mwaka 1938. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili kabla ya kupewa kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na moja ya hoja zake ni kwamba ugonjwa wa mfadhaiko, ule wa huzuni nzito isiyoisha, ni nadra sana kwa Waafrika. Kwa nini? Kwa sababu wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wachache mno kati ya waliofikishwa hospitalini.

Hebu fikiria kidogo. Nani alipelekwa Mathari enzi hizo? Ni yule aliyevua nguo sokoni, aliyempiga mtu, aliyewasha moto, aliyemtukana chifu. Polisi walimkamata, hakimu akaandika barua, akapakiwa kwenye gari. Mama aliyekaa ndani ya nyumba miezi mitatu hasemi na mtu, nani angempakia kwenye gari? Hakuwa amemsumbua mkoloni. Alihuzunika, akalala, pengine akafa, na kwenye takwimu za daktari hakuwepo. Wataalamu waliokuja baadaye walilisema kosa hili wazi: Carothers hakuhesabu wagonjwa, alihesabu waliosumbua. Akakosa wanyamavu kwenye hesabu yake, halafu akaandika kwamba hawapo duniani.

Ninakitaja kitabu hicho kwa sababu tuliurithi mtazamo wake hata sisi ambao hatukukisoma. Mpaka leo utasikia mzee wa huku akisema ati mambo ya mfadhaiko ni ya Wazungu, sisi tuna kazi ya kufanya. Anadhani anatetea mila. Kumbe anarudia maneno ya daktari wa kikoloni.

Kelele ndiyo inayosikika

Wanafunzi nao walijifunza mapema kwamba ukitaka kusikika, piga kelele. Mgomo wa shule unaotajwa kuwa wa kwanza nchini ulikuwa Maseno mwaka 1908. Wavulana walikataa kazi za mikono, wakataka kusoma na kuandika. Shule yenyewe ilikuwa na miaka miwili tu.

Baada ya uhuru mlango ukawa mwembamba zaidi. Watoto walikuwa wengi, nafasi za sekondari chache. Ukaja mtihani wa CPE, na kuanzia 1985, pamoja na mfumo wa 8-4-4, ukaja KCPE. KCSE ya kwanza ilifanywa 1989. Kwa siku chache za Novemba, maisha ya mtoto wa miaka 13 au 14 yaliamuliwa. Magazeti yalichapisha picha za wa kwanza wakiwa wamebebwa juu juu na baba zao. Wa katikati na wa mwisho hawakuwa na picha. KCPE iliendelea hivyo mpaka ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na kizazi changu chote kimepitia hapo. Kuna watu wazima ninaowajua, wana watoto, ambao ukiwauliza alama zao za KCPE wanakujibu bila kufikiri, lakini sauti inashuka.

Mtoto akishindwa kubeba mzigo huo anafanya nini? Wengine walinyamaza. Wengine walichoma. Machi 1998 wasichana zaidi ya 20 walikufa bwenini Bombolulu, Kwale. Mwaka 1999 Nyeri, wanafunzi viranja wanne waliunguzwa wakiwa wamefungiwa chumbani mwao. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, shule ambayo matokeo ya KCSE ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamefutwa. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa ndani ya miezi michache. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024 tukazika tena watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Moto wote si wa chanzo kimoja, na si haki kuuweka wote mabegani mwa wanafunzi. Lakini zaidi ya mara moja, baada ya vurugu au moto shuleni, serikali iliunda kamati.

Soma majina ya kamati hizo. Mwaka 1991, baada ya wavulana wa St. Kizito, Meru, kuwavamia wasichana usiku, wasichana 19 wakafa na 71 wakabakwa, iliundwa kamati ya Sagini kuchunguza vurugu na utovu wa nidhamu katika shule za sekondari. Mwaka 2001 baada ya Kyanguli, jopo la Naomi Wangai likapewa kazi ya kuchunguza nidhamu na vurugu za wanafunzi. Nidhamu, nidhamu, nidhamu. Watoto wanakufa na kuua, na neno la kwanza linalotujia ni lile lile la kitabu cheusi.

Sisemi kamati hizo hazikuona kitu. Ziliona. Zilizungumzia msongamano mabwenini, viranja wenye nguvu kupita kiasi, hofu ya mitihani, wakuu wa shule wasioongea na wanafunzi, na ukosefu wa mahali pa kupeleka malalamiko. Ila jina la ripoti ndilo linaloamua itawekwa rafu gani. Ripoti ya nidhamu hupelekwa kwa naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye anaweka kitabu.

Kanuni iliyosema uliza kwanza

Watu wengi hawajui kwamba kiboko chenyewe kilikuwa na sheria. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 zilisema mtoto achapwe tu kwa makosa machache yaliyotajwa, kama uongo, uonevu na ukaidi mkubwa. Zilisema achapwe na mwalimu mkuu mwenyewe au mbele yake, si zaidi ya viboko sita, si mbele ya wanafunzi wengine, na iandikwe. Kwa hiyo kitabu chetu kina asili ya kisheria. Lakini kanuni hiyo hiyo ilitaka jambo jingine kabla ya fimbo kuinuliwa: uchunguzi kamili.

Uchunguzi kamili! Wewe uliwahi kuchunguzwa kamili? Sisi tulichapwa gwaride zima kwa sababu mmoja alicheka. Tulichapwa kwa alama: umekosa hesabu nne, viboko vinne. Mwalimu wa zamu alichapa, kiranja alichapa, na nyumbani ukisema ulichapwa unaongezwa. Shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti yake kuhusu viboko katika shule za Kenya mwaka 1999, lilieleza jambo hilo hilo, kwamba sheria ilikuwa mahali pake na darasa lilikuwa mahali pengine.

Mwaka 2001 serikali ilifuta kanuni hizo za kuchapa. Katiba ya 2010 ikasisitiza, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikakataza adhabu ya mwili na pia mateso ya akili. Hayo maneno ya mwisho tuyashike. Kwa sheria ya Kenya, kumtesa mwanafunzi kwa maneno, kumdhalilisha mbele ya wenzake, ni kosa kama kumchapa. Lakini fimbo inaacha alama ambayo mzazi anaweza kuonyesha kituoni. Neno halivimbi. Kwa hiyo fimbo ilipoanza kufichwa, neno ndilo lililobaki mkononi, na hakuna kitabu kinachoandika mwalimu alimwambia mtoto nini.

Septemba 2019, katika shule moja ya msingi hapa Bomet, msichana wa miaka 14 alipata hedhi darasani, kwa mara ya kwanza, na nguo yake ikachafuka. Mama yake aliwaambia wanahabari kwamba mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje. Mtoto alienda nyumbani, akamweleza mama, na siku hiyo hiyo akajitoa uhai. Wazazi waliandamana, polisi wakaja, shule ikafungwa kwa muda. Ilikuwa habari ya dunia kwa wiki moja.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 2017, nchi ilikuwa imepitisha sheria kwamba kila msichana wa shule ya umma apewe sodo bure. Wengi waliijadili habari ile kama habari ya sodo, na ni kweli sodo lingesaidia. Lakini sodo si kila kitu. Mtoto yule hakuwa amepiga kelele. Hakuwa mkaidi. Kwa kipimo cha kitabu cheusi alikuwa mtoto mzuri kabisa mpaka jioni aliyokufa.

Na mwalimu je?

Hapa ndipo msomaji kijana huwa anataka nimchape mwalimu. Sitaki, kwa sababu mwalimu naye ana kitabu chake cheusi, na kinakaa Nairobi.

Chama cha walimu, KNUT, kilianzishwa mwaka 1957. Tume ya kuwaajiri walimu, TSC, iliundwa mwaka 1967. Kabla ya hapo mwalimu wa shule ya misheni angeweza kufutwa kwa neno la msimamizi mmoja, kwa hiyo TSC ilikuwa ushindi wa walimu wenyewe. Lakini ofisi inayoajiri walimu wa serikali nchi nzima inahitaji lugha ya kuwapima, na lugha hiyo inafanana na ile ya wanafunzi. Mwalimu anahesabiwa akikosa kazini, akilewa, akigoma, akichelewesha alama. Kuna kosa la kutoroka kazini, kuna kosa la kuzembea. Mwalimu anayeamka alfajiri, akakaa ukingoni mwa kitanda saa nzima akishindwa kuvaa viatu, halafu asiende, amefanya kosa gani? Kwenye faili ataitwa mtoro.

Fikiria maisha yake. Darasa la watoto 60 na kitu. Mkopo unaokatwa kwenye mshahara kabla hajauona. Wazazi wanaomlaumu alama zikishuka, mwalimu mkuu anayemlaumu kwa sababu yeye naye amelaumiwa na afisa wa elimu. Mwaka 2015 walimu waligoma wiki tano kudai nyongeza ambayo mahakama ilikuwa imewapa, wakarudi darasani mikono mitupu. Kuanzia 2018 TSC ikahamisha walimu wakuu wengi nje ya kaunti zao. Mume akapelekwa huku, mke akabaki kule, watoto wakaachiwa bibi, mpaka malalamiko yalipozidi na sera ikalegezwa. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na walimu wengi wa shule za kibinafsi na wale walioajiriwa na bodi za shule wakakaa miezi bila mshahara. Nilimwona mwalimu aliyenifundisha sayansi akiuza mboga kando ya barabara mwaka huo. Mboga hazikuwa aibu. Kilichoniuma ni kwamba aliponiona aliangalia chini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Maumivu yanateremka ngazi. Afisa anamfokea mwalimu mkuu, mwalimu mkuu anamfokea mwalimu mbele ya wenzake stafurumu, mwalimu anaingia darasani akiwa bado anachemka, na pale mbele kuna mtoto ambaye hajamaliza homuweki kwa sababu taa iliisha mafuta. Mtoto hana wa kumteremshia, labda mdogo wake, labda kiberiti, labda nafsi yake.

Mshauri mwenye masomo mawili

Si kweli kwamba nchi haikufikiria dawa. Ripoti ya Ominde ya 1964, ile ya kwanza ya elimu baada ya uhuru, ilitaja haja ya wanafunzi kupewa mwongozo. Mwaka 1971 wizara ikaanzisha kitengo cha ushauri na mwongozo. Ripoti ya Gachathi ya 1976 na ya Kamunge ya 1988 zikarudia. Fimbo ilipofutwa 2001, jibu la serikali kwa walimu waliouliza "sasa tutafanya nini?" lilikuwa hilo hilo: ushauri.

Lakini ushauri ulipewa nani? Ulipewa mwalimu ambaye tayari anafundisha masomo mawili. Mara nyingi ni mama mmoja mpole, au mwalimu wa dini, kwa sababu watu waliona ana roho nzuri. Hakupunguziwa vipindi. Hakupewa chumba, kwa hiyo mtoto anaeleza siri zake stafurumu wakati walimu wengine wanakunywa chai na kusikiliza. Na wakati mwingine huyo mshauri ndiye mwalimu wa zamu wiki hiyo: asubuhi amekuandika kwenye kitabu, jioni anakuambia mfungulie moyo wako. Nani angefungua?

Na yeye mshauri anashauriwa na nani? Hapo historia yetu imenyamaza zaidi. Ripoti hizo za elimu zinamwona mwalimu kama mtoa ushauri, si kama mtu anayeuhitaji.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Fomu niliyojaza ilikuwa na mstari mmoja wa sababu, na mkaratasi wa ofisini, kijana mwenye haraka, akanishauri niandike karo ili mambo yaende upesi. Niliandika karo. Karo ilikuwepo kweli, haikosi kuwepo. Ila nikikumbuka fomu ile naona ni ndugu ya kitabu cheusi: nafasi ni ndogo, na neno unalotakiwa kuandika limeshachaguliwa kabla hujafika.

Nini kimebadilika

Kuna mambo yaliyosogea, na ni haki kuyasema. Mwishoni mwa 2019 serikali iliunda jopo la afya ya akili chini ya daktari Frank Njenga. Ripoti yao ya 2020 ilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Angalia jinsi jina lilivyobadilika: mara hii hawakuitwa kamati ya nidhamu. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Na tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu Nairobi, jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kile kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa miaka mingi, mtu aliyeokolewa kutoka kwenye kifo cha mkono wake aliweza kufunguliwa mashtaka. Yaani hata huko, nchi ilikuwa na kitabu cheusi. Mtu alipofika mwisho wa uvumilivu wake, sisi tuliandika kosa.

Lakini uamuzi wa Nairobi unachukua muda kufika Chebunyo. Huku chini, mtu akisema anaumwa na mawazo anapelekwa kwa mchungaji, au kwa mzee ajue kama kuna laana katika ukoo, au anaambiwa aoe. Simdharau mchungaji wala mzee. Mara nyingi wao ndio watu pekee wanaokaa chini na kusikiliza saa nzima, jambo ambalo zahanati yenye foleni haiwezi. Ila mzee akishasikiliza na akaona mzigo umemzidi, anampeleka wapi huyo mtu? Na mwalimu akiona mtoto hacheki, amwambie nani, ambaye hatauliza kwanza alama zake?

Wengine watasema dawa ni kuajiri washauri kamili shuleni, mmoja kwa kila shule, mwenye chumba na mlango unaofungika. Nakubali, na isiwe kwa wanafunzi pekee, iwe kwa walimu pia. Tangu 1971 ni zaidi ya miaka 50, na mtu anayengoja bajeti anaweza kungoja 50 mingine. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji bajeti, na cha kuchekesha ni kwamba lilikuwepo kwenye zile kanuni za 1972 ambazo hatukuzifuata. Uchunguza kwanza. Kabla ya kuandika jina, uliza. Umelala wapi? Umekula? Nani yuko nyumbani? Mwalimu, wewe mwenyewe ulilala?

Kama shule za huku, za juu kwenye chai na za chini kwenye vumbi, zingeongeza safu moja tu kwenye lile daftari, baada ya jina na tarehe na kosa, safu ya kuandika mtoto alijibu nini alipoulizwa, basi baada ya muhula mmoja tungekuwa na historia ambayo Carothers hakuwahi kuwa nayo. Halafu kungebaki kazi ngumu zaidi: kuwaita ofisini, mmoja mmoja, wale ambao majina yao hayamo kabisa.